Nilivyokamua mafuta ya mtondoo kwa ajili ya magaga

Wapandaji mwani wenzangu hapa Jambiani, Unguja, watanielewa. Bamvua, yaani siku maji yanapokupwa na kujaa sana, ikifika tunashinda ndani ya maji ya chumvi, na miguu ikikauka visigino vinachanika mpaka damu. Mafuta ya dukani yalinipa nafuu ya usiku mmoja tu. Shangazi ndiye aliyenielekeza kwenye mti wa mtondoo, ambao kiini cha tunda lake hutoa mafuta.

Mtondoo umetawala msitu wa Jozani, lakini kule ni hifadhi ya taifa tangu 2004, hatuokoti kitu. Bahati nzuri unaota pwani pia, maana tunda lake huelea na bahari hulisambaza. Utaujua kwa jani: nene, linang'aa, lina vijishipa vyembamba vilivyobanana sambamba kutoka katikati hadi ukingoni. Gome likikwaruzwa hutoa utomvu unaonata. Usiufikishe machoni, unawasha vibaya.

Tuliokota matondoo yaliyoanguka yenyewe, tukayavunja kwa jiwe. Kiini kibichi ni cheupe, hakinuki, na ukikitwanga hapo hapo hupati mafuta ya maana. Wengi wanaachia hapo. Shangazi alivitandaza kwenye ungo juani, kila magharibi akaviingiza ndani visipate umande. "Mwanangu, viache mpaka vigeuke rangi," akaniambia. Kwa kawaida ni mwezi mmoja mpaka miwili. Vyetu vilikuwa vya hudhurungi, vinanata vidoleni, na harufu yake nzito imejaa chumba kizima. Mafuta hujijenga vikiwa vinakauka, ndiyo maana haraka haisaidii kitu.

Tulivitwanga, tukavifunga kwenye kitambaa, tukabana kwa mbao mbili na mawe juu. Yakachuruzika mafuta mazito ya kijani kilichoiva, yale yale waliyowashia taa wazee wetu.

Usiku naosha miguu kwa maji ya vuguvugu, naikausha vizuri, napaka mafuta hayo niliyoyachanganya na ya nazi, kisha navaa soksi. Bamvua iliyofuata niliingia baharini bila damu kutoka. Shangazi yeye anajichulia magoti, na anayaamini kuliko dawa yoyote ya kuchua.

Kiini cha tondoo ni sumu. Mafuta yake hayanywewi wala hayapikiwi, na kinu chake kisirudi jikoni. Jaribu kwanza tone moja mkononi, usubiri hadi kesho yake. Kuna ngozi zinazoyakataa. Na mwenye kisukari aende kituo cha afya kwanza, kidonda chake cha mguu si cha kujaribia dawa nyumbani.