Tulimaliza kitabu kwanza, ndipo tukatundika shuka

Usiku baada ya usiku niliwasomea wanangu wawili The Boy Who Harnessed the Wind, kisa cha kweli cha William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyejiundia mtambo wa upepo kijijini kwao, alichokiandika pamoja na Bryan Mealer. Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo macho yalisoma lugha moja na mdomo ukatamka nyingine. Walimpenda William kama mtoto wa shangazi yao. Waliposikia ipo na filamu, ya mwaka 2019, hawakunipa usingizi. Nikasema hapana, mpaka tufike ukurasa wa mwisho. Mkubwa alininunia siku tatu.

Kibanda umiza, lile banda la video la mtaani, sikutaka. Niliazima projekta kwa shemeji, nikatundika shuka jeupe sebuleni kwetu Isevya, Tabora, na bibi yao akaja kutoka Sikonge. Mimi niliitazama peke yangu kwanza, na nashukuru, maana Khamba, mbwa wa William, anakufa kwa njaa, na kukiona kifo kile si sawa na kukisikia mamako akikisoma taratibu. Ilipokaribia sehemu hiyo nilimpakata mdogo. Alilia, lakini hakushtuka.

Kilichonitia wasiwasi zaidi kilikuwa lugha. Humo watu wanaongea Kichewa na Kiingereza, na maandishi ya chini yanapita mbio. Nilijiandaa kutafsiri mwanzo mwisho. Kumbe filamu imegawanywa kwa sura, na kila sura ina jina la Kichewa. Ilipotokea "Kukula" mkubwa akasema, "Si kukua hiyo, mama?" Kisha likaja neno moja limejaa shuka zima: NJALA. Kabla sijafungua mdomo, bibi akasema polepole, "Nzala." Kinyamwezi chake kilitosha. Tangu hapo yeye ndiye aliyewaeleza, hasa miti ilipokatwa kwa ajili ya tumbaku na mafuriko yakaingia mashambani. Amelima tumbaku Sikonge tangu ujana wake. Anajua kuni za kukaushia zinatoka wapi.

Palipozuka ubishi ni mwishoni. Mtambo wa William, wenye baiskeli ya baba yake ndani yake, unavuta maji na shamba linalowa. Mdogo akasimama mbele ya shuka, kivuli chake kikaziba kila kitu. "Mama, wamekosea! Balbu iko wapi?" Alikuwa sahihi: kitabuni mtambo wa kwanza uliwasha balbu ndogo, maji yalikuja baadaye. Nilisimamisha filamu, tukaongea. Nikamwambia aliyeitengeneza, Chiwetel Ejiofor, ambaye ndiye huyo baba wa William tunayemwona, alikuwa na saa mbili tu, na kijiji kile kilikuwa na njaa. Maji yanaonyesha shibe haraka kuliko balbu. Mkubwa alikubali. Mdogo, hata.

Tulipokunja shuka akaenda chumbani, akarudi na kitabu, akakiweka mapajani mwa bibi yake.

"Mama, msomee bibi ile ya balbu. Hajaiona."