Siku moja maishani mwangu: seli ya panya mezani kwangu Mikindani

Saa 11 alfajiri, Mikindani ikiwa bado giza, huwa nimeshawasha kompyuta, kwa kuwa wakati huo intaneti ni nyepesi na mafaili makubwa hushuka bila kukwama. Katika utafiti wangu wa shahada ya uzamili nachambua interneuroni za shina la ubongo wa panya, yaani nyuroni (seli za neva) zinazopokezana habari humohumo katika eneo lao. Rekodi zenyewe zilipimwa katika maabara za ng'ambo, zikawekwa wazi kwa yeyote anayezihitaji.

Saa 1 asubuhi nafungua rekodi ya seli ya kiini cha koklea, eneo linalopokea habari za sauti kutoka sikioni. Ilipatikana kwa kuigandisha ncha nyembamba ya mrija wa kioo kwenye utando wa seli, ndani ya kipande cha ubongo ambacho bado ki hai, mbinu iliyoasisiwa na Erwin Neher na Bert Sakmann mwaka 1976. Mkondo hasi wa umeme wa pikoampea 100 umeshusha volti ya seli kwa milivolti 10. Ukinzani, basi, ni megaomu 100. Hapo sikawii.

Saa 4 naongeza mkondo na kutazama mipigo ya umeme ambayo seli hutoa. Seli ya jana ilitoa vishada, mipigo kadhaa ya haraka ikiwa imepanda juu ya wimbi moja pana linaloinuliwa na kalisiamu, nami sikusita kuiita seli-gurudumu, mojawapo ya zile zinazotuliza jirani zao kwa kemikali iitwayo glisini. Ya leo inapiga mpigo mmojammoja, kama zipigavyo seli kubwa zilizochongoka pande mbili mfano wa dau, ambazo si interneuroni. Ningeweza kuiandika hivyo na kuendelea. Lakini zipo seli-gurudumu zinazopiga mipigo ya kawaida tu, na kuipa seli jina kwa umeme wake pekee ni kuidhulumu.

Baada ya chakula cha mchana nafungua picha zake. Wakati wa kupima, rangi ilipenya kutoka kwenye mrija hadi ncha za matawi, nami nayafuata dendraiti, matawi ya seli yanayopokea habari, safu baada ya safu. Mama anasimama nyuma yangu.

"Mwanangu, hiyo ni mizizi ya mti gani?"

"Si mti, mama. Ni seli moja tu ya ubongo wa panya."

Tawi moja lililoonekana kukatika naliona tena safu tatu chini yake, jembamba, limejaa vijiba vidogo kama tawi la mchongoma. Matawi yote yametandazwa upande mmoja, kuelekea juu ya kiini. Upande wa pili, ambako seli ya dau ingekuwa na kichaka cha pili, hakuna kitu.

Saa 12 jioni nachora duara kuizunguka seli, kila moja mikromita 20 kutoka kwa mwenzake, nahesabu matawi yanayolikata kila duara, kisha naandika kwenye jedwali: seli-gurudumu, mipigo ya kawaida.