Pateni ya mkoba wa faili: kutoka manila mpaka sampuli

Ukikuta mkoba wa ngozi umekunjamana kwenye pembe za chini, usikimbilie kumlaumu aliyeshona. Mara nyingi kosa lilishafanyika mezani wakati wa kuchora pateni, yaani vipande vya mfano vya kukatia ngozi, na ukubwa wa kosa hilo ni sentimita moja na robo tu. Nitaonyesha linakotoka kwa kutumia mkoba mmoja: ule wa begani wa kubebea mafaili, wenye kifuniko kinachoshuka mbele, ambao walimu na watu wa ofisini hapa Mbeya wanauulizia.

Anza na kitu kitakachobebwa. Karatasi ya A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, lakini hakuna anayebeba karatasi tupu. Watu hubeba faili, na faili huizidi karatasi kwa sentimita 2 hadi 3, urefu na upana. Kwa hiyo paneli ya mbele iwe na upana wa sentimita 34 na kimo cha 26, ubavu, yaani utepe unaozunguka paneli, uwe na upana wa sentimita 8 ukishashonwa, na pembe mbili za chini zizungushwe kwa nusu kipenyo cha sentimita 4. Pembe kali ya mraba iepuke. Ubavu haukubali kukunjwa hivyo bila kuchanwa, na pale ulipochanwa ndipo mkoba unapoanza kutoboka.

Mchoro wa kwanza uwe kwenye karatasi iliyokunjwa katikati. Chora nusu, kata zote mbili kwa pamoja, na kulia kutalingana na kushoto. Hamishia kwenye manila ngumu na uache mstari wa katikati ukionekana. Alama za kukutanisha vipande zisikatwe umbo la V kwenye ukingo utakaobaki wazi. Toboa nukta moja kwa msharasi (sindano ya kutobolea ngozi), maana kovu la V halifutiki hata kwa msasa.

Sasa ubavu. Ni utepe mmoja unaoshuka kushoto, unapita chini, unapanda kulia. Wengi hujumlisha 26 na 34 na 26, wanapata 86, wanakata. Lakini pembe zilizozungushwa zinafupisha njia: ukizungusha kamba kwenye ukingo wa paneli utapata 82.6. Hata hapo bado hujafika, kwa sababu uzi haupiti ukingoni. Unapita milimita 4 ndani, na njia yake ni sentimita 81.3. Pima hapo. Hiyo tofauti ya milimita 12 na nusu ndiyo inayogeuka mikunjo, maana fundi akifika pembe ya pili anabaki na ngozi ya ziada na lazima aisukumie mahali. Na wala haitegemei pembe imezungushwa kiasi gani; inategemea tu umbali wa uzi kutoka ukingoni. Ukishona milimita 5 ndani, inakuwa milimita 15.7. Ongeza sentimita 1.5 kila ncha ya juu kwa ajili ya pindo, ongeza milimita 4 kila upande kwa ajili ya mshono, na utepe wako ni 84.3 kwa 8.8.

Tia alama katikati ya utepe na katikati ya paneli kwa chini, kisha bandika kuanzia hapo kwenda juu pande zote mbili. Ukianzia juu upande mmoja, kosa dogo lote linarundikana upande wa pili.

Unene nao hula vipimo. Kifuniko kimeungana na mgongo wa mkoba: 26 za nyuma, 8 za juu, 20 za mbele, jumla 54. Tuseme ngozi ni ya milimita 1.4 na bitana ni ngozi laini ya 0.8. Kutoka katikati ya unene wa moja hadi katikati ya nyingine ni milimita 1.1. Kifuniko kikitoka nyuma kuja mbele kinageuka nyuzi 180, na tabaka la nje linasafiri zaidi ya la ndani kwa 1.1 mara 3.14, yaani milimita 3.5. Ukibandika vyote viwili vikiwa vimelala mezani, bitana itapiga mawimbi mara ya kwanza mkoba ukifungwa. Bandika kifuniko kikiwa kimekunjwa juu ya ubao wenye unene wa sentimita 8, halafu ukate bitana iliyochomoza.

Sampuli ya kwanza haihitaji ngozi nzuri, inahitaji ngozi ya unene uleule. Mabaki ya tumbo na shingo yanatosha. Ngozi bandia inafaa kuangalia umbo tu. Kwenye mikunjo inadanganya, kwa sababu mara nyingi ni nyembamba na haina ubishi wa ngozi. Pima unene kwa kalipa sehemu nne au tano, maana ngozi moja ya ng'ombe haina unene mmoja. Shona kwa mishono mirefu inayofumuka kirahisi. Kisha ingiza faili lenyewe: je, linapita mdomoni bila kukwaruza? Kifuniko kinafunga mkoba ukiwa mtupu, na ukijaa pia? Mkono unafika chini ya mfuko wa ndani? Kila dosari irekebishwe kwenye pateni. Kuna tabia ya kupunguza sampuli kwa kisu mpaka ikae vizuri huku manila ikibaki na kipimo kilekile cha zamani. Hiyo ni kujiandalia hasara ya mikoba yote inayofuata.

Sampuli ya pili ndiyo ya ngozi ya mkoba wenyewe, na hapa mwelekeo una maana. Ngozi huvutika kidogo ukifuata uti wa mgongo, huvutika zaidi ukikata kwenda tumboni. Mkanda wa begani ukatwe sambamba na uti. Pindo la juu la ubavu lina tabaka tatu zinapokutana na paneli, milimita 4.2, na cherehani nyepesi hugoma hapo. Parua sentimita 3 za mwisho za utepe kwa nyuma mpaka zibaki na unene wa milimita 0.7, na ukishakunja jumla inakuwa 2.8. Mshono uwe na hatua ya milimita 3 hadi 4. Ukibana chini ya hapo, matundu yanakuwa kama mstari wa kuchania risiti, na ngozi itachanika palepale hata uzi ukiwa mzima.

Baridi ya huku kwetu inahitaji kuhesabiwa. Juni na Julai, asubuhi za Mafinga, Makambako na Uyole, gundi ya viatu inakuwa nzito na kimiminika chake hakiruki haraka. Juu inaonekana imekauka, chini bado mbichi, na ukibandanisha mapema kiungo kinaachia baada ya siku chache. Gusa kwa nyuma ya kidole. Isipong'ang'ania, ndipo ubandanishe na ugonge kwa nyundo. Paka saa jua limeshapanda. Na tafadhali, jiko la mkaa lisiwe kwenye chumba chenye kopo la gundi lililo wazi: mvuke wake unashika moto.

Ukitumia ngozi iliyotengenezwa kwa magome, kama ya miwati ile inayopandwa Njombe, angalia vyuma vyako. Tanini ya magome hayo ikikutana na chuma kitupu na maji, ngozi inapata doa jeusi kuzunguka ripiti (misumari ya kubana ngozi) na bizimu. Pitisha sumaku. Shaba nyeupe na ya njano hazishikwi. Kinachoshikwa ni chuma kilichopakwa rangi ya kung'aa, na rangi ikikwaruzika doa linaanza.

Majaribio hayahitaji maabara. Weka alama mbili kwenye mkanda, sentimita 100 kati yake, tundika mkoba wenye kilo 10 (lita 10 za maji ni kilo hizo hizo) usiku kucha, shusha, pima tena. Ikifika zaidi ya 102, huenda mkanda huo umekatwa tumboni au kinyume cha uti. Tazama pia matundu ya ripiti: yakigeuka umbo la yai, ongeza kipande cha ngozi kwa nyuma, na kiingizwe kwenye pateni kama kipande kinachojitegemea. Sugua ngozi kwa kitambaa cheupe mara 20 kikiwa kikavu, mara 20 kikiwa kimelowa. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia kwenye shati la mwalimu. Mwisho dondoshea maji, uache yakauke yenyewe. Mteja wa Tukuyu atanyeshewa tu, hilo halina mjadala.

Hesabu ya ngozi ifanywe kutoka kwenye pateni iliyokwisha kurekebishwa. Mbele 884, mgongo na kifuniko 1,836, ubavu 742, mkanda wa 4 kwa 130 ni 520, mfuko wa 28 kwa 18 ni 504. Jumla sentimita za mraba 4,486. Futi moja ya mraba ni 929, kwa hiyo ni futi 4.83. Weka asilimia 30 ya mabaki, makovu ya kupe na alama za chapa, upate futi 6.3. Anayepanga bei kwa futi 4.83 anauza kwa hasara asiyoiona.

Kila kipande cha manila kiandikwe jina la mkoba, jina la kipande, idadi ya kukata, mshale wa uti wa mgongo, tarehe ya marekebisho, na unene wa ngozi. Huo unene ndio husahaulika. Ngozi ikija ya 1.8 badala ya 1.4, paneli na mkanda vinabaki vilivyo, lakini pindo la ubavu linahitaji kuparuliwa zaidi, na tofauti ya bitana kwenye kifuniko inapanda kutoka milimita 3.5 hadi 4.1.