Baada ya Kuungama, Nenda kwa Mwenyewe

Kwaresima ikikaribia, swali hili lazima lizuke katika darasa la watu wazima ninaowafundisha dini hapa Bagamoyo. Safari hii aliyeliuliza ni fundi mwashi, kijana anayejiandaa kufunga ndoa. "Mwalimu, tuseme mtu kauza mifuko miwili ya saruji ya tajiri wake. Kaenda kwa padre, kaungama, kapewa kitubio, kasali. Si yamekwisha?"

Dhambi imekwisha, nikamwambia. Saruji bado.

Mungu husamehe kweli. Jioni ya Pasaka Yesu aliwavuvia mitume wake, akawaambia kuwa watakaowaondolea dhambi, wameondolewa. Padre anapoinua mkono na kutamka "nami nakuondolea dhambi zako", hatia imeondoka, hata kama ni ya damu. Naliamini hilo kwa moyo wangu wote, na nimewaona watu wazima wakitoka pale machozi yakiwatiririka, nyuso zimewanawiri.

Lakini Kanisa hilohilo linafundisha kwamba aliyeiba arudishe, na aliyemchafulia mwenzake jina alisafishe, kadiri awezavyo. Wala si fundisho la juzi. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinamwagiza mkosaji aungame, arudishe alichochukua, tena aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe yule aliyemkosea. Zakayo hakushurutishwa na mtu. Alisimama mwenyewe akatamka: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Ndipo Yesu akasema kwamba leo wokovu umefika nyumba hii.

Nyumbani kwetu jambo hili liliingia hadi uani. Baba alikuwa mvuvi. Jarife lake, yaani wavu wa kuvulia, alilolinunua kwa mkopo, liliibwa pwani usiku likiwa limeanikwa. Akamshuku shemeji yake, yaani mjomba wangu wa Mlingotini, kwa kuwa ndiye aliyelala kwetu usiku ule. Hawakugombana hadharani. Waliacha tu kutembeleana, na maneno yakazagaa mpaka kwenye baraza za kahawa. Baba alifariki na dhana hiyo moyoni. Mjomba alikuja mazikoni, akakaa mbali na jamvi la wafiwa.

Miaka ikapita. Siku moja mama yuko uani anachambua uduvi kwenye ungo, akabisha hodi mzee mmoja tuliyemjua kwa sura tu. Hakutaka kiti. Alitoa hela zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari, akaziweka kwenye ukingo wa mkeka, akasema lile jarife alilichukua yeye, na kwamba asubuhi ile ametoka kuungama. Mama hakuzigusa. Aliendelea kuchambua, akitoa vijiti na mchanga, mpaka akaumaliza ungo mzima. Kisha akasema: "Hela nimezipokea. Ila mume wangu kafa akimdhania ndugu yangu. Nenda Mlingotini ukamwambie hivi ulivyoniambia mimi."

Hapo yule mzee akaanza kutetemeka. Hela alikuwa amejiandaa kuzitoa. Hili la mjomba nadhani hakuwahi hata kulihesabu kuwa ni lake.

Alikwenda, kaka yangu akimsindikiza. Mjomba ni Mwislamu. Mama alibatizwa alipoolewa. Mjomba alimsikiliza yule mzee mpaka mwisho, akamwambia jambo ambalo watu wa pwani wanalijua tangu chuoni, yaani madrasa: haki ya mja, mwenyewe ndiye wa kuisamehe. Akamtaka ayarudie maneno yale barazani mbele ya wenzake waliokuwa wakinywa kahawa, maana pale ndipo alipokuwa akisemwa. Akayarudia. Mjomba akasema, "Nimekusamehe, duniani na akhera."

Kanisa halimlazimishi kila mtu ajianike hivyo. Hela yaweza kurudi kwa mkono wa mtu mwingine, na padre hawezi kukutaja. Siri ya maungamo hakuna polisi wala askofu wa kumfanya aifungue. Mwenye mali akiwa amekufa, warithi wapo. Wasipopatikana, maskini wapo. Pagumu ni kwenye jina la mtu, kwa sababu jina halipitishiwi kwenye bahasha. Na wapo wanaokata tamaa upande wa pili: waliyemkosea amekataa kuwasamehe, basi wanaona na Mungu amekataa. Sivyo hata kidogo. Umeungama, umerudisha, umeomba radhi. Akikufungia mlango, mwachie muda, umwombee. Msamaha wa Mungu haumo mikononi mwake.

Kwetu Bagamoyo, swali la waliokosewa wakafa lina uzito wake. Misafara ya kutoka bara iliishia hapa. Watu waliletwa wakiwa wafungwa, wakavushwa bahari kwenda kuuzwa Unguja. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika 1868 waliwakomboa baadhi na kuwajengea kijiji, lakini wengi walikwisha vushwa, wala hatuna hata majina yao. Nani awaombe radhi? Februari 22, 1992, Papa Yohane Paulo II alisimama kisiwani Gorée, Senegali, akaiungama dhambi ya biashara ya watumwa na kuomba msamaha wa mbinguni. Hakuficha kwamba waliobatizwa nao walishiriki. Namshukuru kwa kulisema hilo, maana ni rahisi sana sisi Wakristo kukumbuka waliokomboa tukawasahau walionunua.

Nimeiomba jumuiya yetu kwamba Kwaresima hii, Ijumaa moja, Njia ya Msalaba tuianzie Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, na kuimalizia kwenye msalaba wa Misheni, ufukweni, na kila kituo tuwaombee hao wasio na majina. Imekubali. Tunaanza saa tisa alasiri. Wazee wasioweza kutembea watapanda bajaji, na majirani zetu Waislamu tumewaarifu. Anayetaka kuongozana nasi anakaribishwa.