Uso wa Hester

"Mimi naona kwenye sinema walifanya vizuri kumpunguzia Hester kovu," alisema yule dada wa koti la njano. "Wangemwacha alivyo kitabuni, nani angeamini kwamba Tom anaweza kumpenda?"

Alilisema bila ubaya wowote, huku akichovya biskuti kwenye chai, na nusu ya watu pale mezani wakamwitikia kwa vichwa. Halafu mmoja akanitazama, akashusha macho haraka. Mwingine vivyo hivyo. Kabla funda moja la chai halijashuka kooni, meza nzima ilikuwa imekumbuka kwamba na mimi nipo.

Ilikuwa Alhamisi ya Januari 2019, saa kumi na mbili na nusu jioni, katika maktaba ya mtaa mashariki mwa London. Giza lilikuwa limeshaingia tangu saa kumi. Tulikuwa watu tisa. Mimi nilikuwa na miaka 19, mwaka wangu wa pili Uingereza, na nilikuwa nimehudhuria kikundi kile cha kusoma tangu Oktoba bila kusema zaidi ya jina langu na asante. Nilikaa kila mara kiti kile kile cha mwisho, upande wangu wa kushoto ukielekea ukutani, ushungi nimeushusha mpaka karibu na mdomo.

Kwa asiyevijua, vitabu tulivyokuwa tukivijadili ni vinne, vya Philip Reeve, Mwingereza. Cha kwanza, Mortal Engines, kilitoka 2001, na cha mwisho, A Darkling Plain, 2006. Vimeandikiwa vijana, lakini pale mezani mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 16 na mkubwa alishavuka 70. Maelfu ya miaka kabla ya hadithi kuanza, watu wa kale, yaani sisi, wanapigana vita vya dakika 60 na kuiangamiza dunia. Baadaye wazao wa walionusurika wanaipandisha miji yao juu ya magurudumu na minyororo ya chuma, na tangu hapo mji mkubwa unaukimbiza mji mdogo, unaukamata na kuutafuna: vyuma vyake, mafuta yake, watu wake. London yenyewe ni mnyama wa namna hiyo, tabaka juu ya tabaka, na kanisa la St Paul's limekaa juu kabisa kama kilemba. Ukurasa wa kwanza unaikuta ikikimbiza mji mdogo wa wachimba madini kwenye sakafu ya Bahari ya Kaskazini iliyokauka. Niliusoma ukurasa ule nimesimama kati ya rafu, nikasahau kwenda kazini.

Tom ni kijana yatima wa London, mwanafunzi katika chama cha wanahistoria. Hester ni msichana anayeingia mjini amejifunika kitambaa usoni, kisu mkononi, kumuua Valentine, mtu ambaye Tom anamtukuza kama baba. Kitambaa kinatoka, na Tom anaona. Reeve hakumwonea haya msomaji. Kovu linatoka kwenye paji la uso mpaka taya, kama picha ambayo mtu ameikatakata kwa hasira. Jicho moja halipo. Pua imebaki kisiki. Mdomo umevutwa upande, kana kwamba anambeza kila anayemtazama.

Hapo kwenye mdomo ndipo nilipokifunga kitabu mara ya kwanza.

Nilikuwa na miaka sita, Tanga, kwenye nyumba ya bibi. Bibi alikuwa akiwasha jiko la mafuta ya taa achemshe maji ya chai, mimi nimechuchumaa karibu nikingoja. Mafuta yale yalikuwa yamechanganywa na petroli. Tulikuja kujua baadaye, maana hatukuungua sisi peke yetu mtaani wiki ile. Nakumbuka mlio, wala haukuwa mkubwa, ulikuwa kama mtu anakung'uta shuka. Bibi aliungua mikono kwa kunizima. Kovu langu linaanzia kwenye nyusi ya kushoto, linateremka shavuni kwa mafundo mafundo, na linaivuta kona ya mdomo kwenda juu. Asiyenijua hudhani ninamcheka. Shuleni nilichapwa mara mbili na mwalimu mgeni kwa kumcheka darasani, mpaka wenzangu walipomweleza. Sikuwahi kukutana na mtu mwingine, si mtaani wala kitabuni, mwenye mdomo unaomsemea asichokisema.

Kwa hiyo nilivisoma vitabu vile vinne kama mtu anayesoma barua za kwao.

Nilimsimulia Shangazi pia. Nilikuwa nikiishi naye, na kazi yake ilikuwa kuwalea wazee usiku. Kabla hajatoka, kila siku, alinipaka mafuta ya nazi kwenye kovu na kulikanda kwa kidole gumba, kwa sababu baridi ya London hulikaza hata kufumba jicho kukawa kazi. Mafuta yenyewe huganda huko kama mshumaa, basi alikuwa akiiweka chupa juu ya bomba la kupashia nyumba joto mpaka yayeyuke. Yeye anakanda, mimi nasimulia. "Enhe?" ananihimiza. "Wakafika wapi?" Alimpenda Hester kuliko nilivyompenda mimi. Hester alipopigwa mshale mguuni na bado akatembea siku nzima kwenye tope la njia za miji, Shangazi alisema, "Huyo mwanamke wa Kisambaa huyo," na kwake hiyo ni sifa kubwa, kwani mama yake alikuwa Msambaa.

Kisha tukafika kitabu cha pili, Predator's Gold. Tom na Hester wako Anchorage, mji mdogo unaoteleza juu ya barafu, unaoongozwa na msichana aitwaye Freya. Hester anamwona Tom akimbusu Freya. Anapanda chombo chao cha angani, anaruka usiku mpaka Arkangel, mji unaowinda miji mingine, na anawauzia njia ambayo Anchorage inapita. Hataki dhahabu. Malipo anayoyataka ni Tom arudishwe kwake.

Kidole cha Shangazi kilisimama shavuni pangu.

"Kauza mji?"

"Kauza, Shangazi."

"Na watoto waliomo?"

"Na watoto waliomo."

"Basi huyo simtaki tena."

Nilimtetea. Nilimwambia maisha yake yote watu wamemkimbia, na aliyemtazama vizuri ni mmoja tu, na huyo mmoja anamwona akimbusu msichana mwenye uso mzima. Nilijua wakati nasema kwamba sauti yangu imepanda. Shangazi akaanza kukanda tena, taratibu.

"Uso kaharibiwa na mtu, mwanangu. Mji kauuza mwenyewe."

Nilinuna siku mbili. Nilihisi amenisema mimi.

Desemba 2018 ikaja sinema. Nilikuwa nimeshaliona tangazo lake, na nilijua wasomaji wengi wa vitabu wamekasirika, lakini nilikwenda. Nililipa nauli na tiketi kwa pesa yangu. Kitambaa kikatoka usoni, na pale penye kiwambo kikubwa kuliko nyumba ya bibi kulikuwa na mwanamke mzuri, macho yote mawili, pua nzima, na kovu lililotulia shavuni kama mstari wa ramani. Mwigizaji hakukosea kitu, alicheza vizuri. Lakini kila alipoonyesha kuuonea haya uso wake, mimi nilikuwa natafuta anachokionea haya nisikipate. Nilitoka kabla taa hazijawashwa.

Basi ndiyo Alhamisi ile. Saa nzima ya kwanza ilikuwa tamu. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli alitueleza, akichora kwenye leso ya karatasi, kwa nini mji wa uzito ule ungezama ardhini kabla haujasogea hatua moja, na kwamba hajali, kwani alivisoma kwa ajili ya magurudumu na magurudumu aliyapata. Vijana wawili walibishana kama miji kulana ni mfumo unaoweza kudumu, na mmoja akaonyesha kwamba hata kitabuni mawindo yameanza kuadimika. Mama mmoja mwenye watoto watatu alisema kitabu cha tatu kilimshinda: Hester ameshakuwa mama, na anavyomtendea binti yake Wren kulimfanya akirushe kitabu kitandani. Alimwita msaliti, muuaji, mama asiyefaa. Wakampinga, akawajibu. Nilikuwa nawasikiliza kwa furaha kubwa na sikujua furaha hiyo inatoka wapi.

Ndipo dada wa koti la njano akasema lile la kovu.

Mkutubi aliyetuongoza, mama mpole wa Ireland, alijaribu kuupita ukimya. Aliuliza kama kuna mtu angependa kutusomea ile sehemu ya kitabu, tulinganishe. Nakala yangu ilikuwa mbele yangu. Sijui nilikusudia nini. Nilifungua na nikaanza kusoma.

Lazima nieleze kwamba mdomo wangu haufungi sawasawa upande wa kushoto. Herufi p na b huvuja pumzi. Kwa Kiswahili nimeshajua kuziviringa, kwa Kiingereza bado, na nikisoma kwa sauti husikika zote. Nilisoma paji la uso, taya, pua, mdomo, jicho. Watu humtazama anayesoma, ndiyo desturi, kwa hiyo walilazimika kunitazama, na mimi nilikuwa na ukurasa wa kutazama.

Nilipomaliza nilisema. Nayaandika kwa Kiswahili, japo nilisema kwa Kiingereza cha kubabaika.

Nilisema Tom hakumpenda Hester kwa kutouona uso wake. Aliuona kwanza, dakika za mwanzo kabisa, na ulimtisha. Baada ya hapo wakatembea, wakashikwa na njaa, nusura wauzwe, wakaokoana, na uso upo palepale siku zote. Mkiuondoa uso ule, mmemwondolea Tom kazi yote aliyoifanya. Mtu yeyote angempenda yule wa kwenye sinema.

Halafu nikasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nilisema, saa nzima mmekaa hapa mnamsema Hester vibaya, na mimi nimefurahi. Mmemsema kwa aliyoyafanya. Hakuna aliyesema maskini, hakuna aliyesema lakini moyo wake mzuri. Watu hunitazama mimi wakachagua moja kati ya mawili, kunihurumia au kunisifu kwa ujasiri, na sijafanya lolote la kunistahilisha kimoja kati ya hivyo. Mpeni Hester uso wake wote, kisha mchukieni kwa sababu ya Anchorage.

Dada wa koti la njano alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nilidhani ataomba radhi, na niliogopa sana aombe, kwa sababu hapo ningelazimika kumfariji. Badala yake aliuliza, "Kwa hiyo wewe unamchukia?"

Nilifikiri. "Aliuza mji," nikasema. "Una watoto ndani yake."

"Lakini alirudi!" mzee wa reli akagonga meza. "Alirudi akapigana na wawindaji wa Arkangel. Bila yeye Anchorage ingeliwa."

"Bila yeye wasingekuja," akasema mama wa watoto watatu.

"Na alitaka Tom tu, hakuchukua hata senti," akasema mmoja wa vijana.

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi!" akasema dada wa koti la njano, na sasa alikuwa amenigeukia mimi kabisa, amekasirika kweli, kidole kinagonga ukurasa. "Angechukua dhahabu ningemwelewa!"

Tulibishana mpaka taa za upande wa watoto zikazimwa. Nilikatizwa mara tatu na mimi nikakatiza watu. Mlangoni, upepo ukikata, bado dada yule alikuwa akinieleza kwamba Freya ndiye shujaa halisi wa kitabu cha pili, nami nikimwambia si kweli, mpaka basi langu likaja nikapanda huku nikiendelea kumjibu kupitia dirishani.

Shangazi alikuwa hajatoka. Chupa ilikuwa juu ya bomba, mafuta yameyeyuka yote, maangavu. Nilivua ushungi nikakaa kwenye stuli mbele yake, nikamweleza wote walichosema, na kwamba neno lake la mji nimelitumia mbele ya watu. Hakusema kitu, lakini alikanda polepole kuliko siku zote. Kisha akaniuliza mwisho wa vitabu, kwa kuwa nilikuwa nimeukalia wiki nzima.

Nikamwambia. Moyo wa Tom unamshinda, anafariki mlimani, na Hester hataki kubaki baada yake. Anajiua kwa kisu, analala kando yake.

Shangazi alinyamaza. Alijimiminia mafuta mengine kiganjani.

"Na yule binti yao yuko hai?"

"Yuko hai."

"Angebaki," akasema. "Ana mtoto. Angebaki." Akanishika kidevu. "Geuka huku kwenye taa, yanaganda."