Siku niliyomrushia mwanangu mipira ya tenisi

Mtoto akishapigwa na mpira mara moja, mwili wake unaanza kuamua wenyewe. Wangu alikuwa na miaka 10 alipopigwa mbavuni kwenye mechi, na ule mpira wa besiboli jamani ni mgumu, una gramu 142 hadi 149, ndani ni nyuzi zimezungushwa zikakazwa halafu juu ngozi, ukiubonyeza hauingii hata kidogo. Alilia kidogo, akaenda besi ya kwanza, kile kituo cha kwanza mpigaji anachokimbilia, kama sheria inavyosema, mechi ikaendelea, sote tukajua yameisha.

Kumbe hayajaisha. Mechi zilizofuata kila mrushaji akiinua mguu tu, mguu wa mbele wa mwanangu unatoroka. Yeye anapiga kwa kulia, kwa hiyo ni wa kushoto, badala ya kukanyaga kuelekea kwa mrushaji unakimbilia pembeni, nyonga zinafunguka mapema, bega nalo linafuata, sasa mpira ukipita upande wa nje, mbali na mwili wake, gongo haliufikii kabisa. Anapiga hewa. Na wazazi wenzangu pale pembeni wanamwita kwa nguvu usiogope, usiogope! Mimi naamini kabisa hilo neno halijawahi kumsaidia mtoto yeyote, maana hofu yake ni ya haki, kaumia kweli. Watoto wa umri ule wanarushiwa kutoka mita 14 hivi, mpira ukienda kilomita 80 kwa saa unamfikia kwa sekunde 0.6, sasa hapo usiogope inaingilia wapi?

Basi jumamosi moja nikamchukua tukaenda uwanjani wawili tu, hakuna kocha hakuna wenzake, na ndoo ya mipira ya tenisi. Nikamwambia mwanangu leo hatupigi, leo nakufundisha kupigwa. Akanitazama. Akaniuliza, "Baba, utanipiga kweli?" Nikamwambia ndio, kwa hii laini, na wewe ndo utaniambia nianze lini.

Akavaa helmeti, gongo tukaliweka chini. Nikamwonyesha pole pole: mpira ukikujia mwilini usirudi kinyumenyume na usimgeuzie mrushaji kifua, zungusha bega la mbele kwenda kwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma yako, kidevu kiingie kifuani, mikono ikunje karibu na tumbo, mgongo ndo upokee. Mgongo una nyama, uso hauna. Tukafanya bila mpira kwanza, mpaka akawa anageuka bila kufikiria, halafu nikasogea karibu nikaanza kurusha kwa chini taratibu. Wa kwanza ulimgonga begani akashtuka, wa pili akafumba macho, baada ya hapo akaanza kucheka, ananiambia ongeza baba ongeza, nikaongeza, nikarusha kwa juu, akageuka vizuri, puu mgongoni, anacheka.

Hapo ndo nikatoa kalamu ya wino mzito nikaandika namba kwenye mipira, tatu, saba, tano, kubwa kubwa. Kazi yake ikawa kuniambia namba kabla mpira haujampita, na kama unamjia mwilini ageuke. Mwanzoni alikuwa anabahatisha naona kabisa, anataja saba kila mara, lakini jinsi tulivyoendelea akawa anapatia, na kitu nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba akiwa anatafuta namba ule mguu unatulia. Haukimbii! Macho yana kazi, hayana muda wa kuutuma mguu pembeni. Mwisho nikamrudishia gongo, nikalaza ubao nyuma ya visigino vyake ili akitoroka aukanyage ajue mwenyewe bila mimi kusema neno, tukapiga mpaka jua likawa linatuingia machoni.

Mechi iliyofuata njiani ndani ya gari alikuwa kimya, nikajua anawaza. Nikamwambia leo sihesabu hiti, yaani mara anazoupiga mpira akafika besi salama. Nikamkumbusha Ted Williams, yule mpigaji maarufu wa zamani, mwaka 1941 wastani wake wa hiti ulikuwa .406 na hajatokea mtu wa zile ligi kuu mbili za Marekani za leo, American na National, kufika .400 tangu hapo kwa msimu mzima, na bado kwenye kila mara 10 zilizohesabiwa karibu 6 hakupata hiti. Mi naangalia mguu tu, nikamwambia.

Zamu yake ikafika. Mrushaji alikuwa mrefu na mkono mzito, mpira wa kwanza ukaja ndani kabisa, moyo wangu ulisimama, na yeye akageuka vile vile, bega, kidevu, ukampita karibu na mgongo bila kumgusa. Akarudi kwenye nafasi yake akasimama. Nilitaka kupiga kelele nikajizuia. Uliofuata ukaja nje, mguu ukaenda mbele moja kwa moja, gongo likaufikia, mpira ukabiringika chini kwa yule anayecheza kati ya besi ya pili na ya tatu, wakamtoa besi ya kwanza kabla hajafika. Mi nilisimama napiga makofi kama wazimu, mzazi wa pembeni ananishangaa mbona katolewa.

Akaja anahema, helmeti mkononi, hata hajakaa akaniambia, "Baba ule wa nje nimeuona kabisa, ila mikono imechelewa. Kesho unirushie ya nje tu."