Romo, Dak, na uti wa mgongo

Hapa Dallas na Fort Worth hakuna ubishi mpya kuhusu kwotabeki. Upo ule ule wa 2016, unabadilishiwa majina tu. Wiki hii kazini nimewasikia vijana wawili wakisema Dak Prescott, kwotabeki wa timu yetu ya Dallas Cowboys, amechoka, sasa apishe damu changa, nikacheka peke yangu huku nasukuma toroli la chakula. Dak! Si ndiye aliyekuwa damu changa yenyewe?

Kwa wasomaji wa nyumbani ambao futiboli ya Kimarekani hamuitazami: kwotabeki ndiye anayeanzisha karibu kila shambulio. Anapewa mpira, ana sekunde mbili tatu za kuamua kama atautupa mbele, atampa mkimbiaji, au atatoka nao mwenyewe, na wakati huo huo majitu ya kilo mia na zaidi yanamjia. Nafasi yake ni kama ya golikipa. Ni moja, na mwenyewe akiikalia hapokezani na mtu. Mshambuliaji kijana unaweza kumwingiza dakika ya sabini aonje mechi. Kwotabeki kijana anaonja siku mkubwa wake anapoondoka, na mara nyingi mkubwa haondoki kwa miguu yake.

Mwaka 2016 nilikuwa bado mgeni Texas, nafanya kazi ya uuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee. Jumapili sebule yote ilikuwa ya Cowboys. Kuna babu mmoja nilikuwa namlisha, na nilijifunza upesi kwamba kijiko hakiingii kinywani mpaka mchezo usimame. Supu inapoa, yeye macho kwenye runinga, mkono ameuinua kunizuia kama askari wa barabarani. Sheria za mchezo nilizijulia hapo, kwa kujua ni saa ngapi naruhusiwa kusogeza kijiko.

Kwotabeki wa Cowboys alikuwa Tony Romo, miaka 36. Huyu hakuingia ligi kwa mlango wa mbele. Mwaka 2003 timu zote zilichagua vijana wao kwenye drafti, ile zamu ya timu kugawana vijana wanaotoka vyuoni, na hakuna iliyolitaja jina lake, Dallas wakamchukua baadaye. Alikaa benchi miaka, akaja kuwa mfalme wa mji. Msimu wa 2014 alirusha pasi 34 za tachidauni, yaani za kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa adui, na timu ikashinda mechi 12. Mwaka uliofuata akavunjika mtulinga, akarudi, akavunjika tena pale pale, na timu ikamaliza na ushindi wa mechi 4 na vipigo 12.

Kwa hiyo 2016 ilikuwa iwe ya Romo kurudi. Tarehe 25 Agosti, mechi ya maandalizi tu, isiyo na pointi wala kombe, huko Seattle. Mpira wa tatu tu tangu mechi ianze, Romo akatoka kukimbia, Cliff Avril wa Seattle akamdaka kwa nyuma na kumkunja kwa mbele. Aliinuka. Alitembea mwenyewe hadi pembeni, akataka hata kurudishwa uwanjani. Baadaye picha zikaonyesha pingili ya uti wa mgongo imevunjika.

Aliyebaki ni Dak, mwenye umri wa miaka 23, kutoka chuo cha Mississippi State, aliyechukuliwa wa 135 kwenye drafti. Na hapa watu husahau jambo: hata hao Dallas hawakuwa wanamtaka yeye kwanza. Walimtaka Paxton Lynch, Denver wakawahi. Wakamtaka Connor Cook, Raiders wakawahi. Halafu hata baada ya kumpata, wakamweka wa tatu nyuma ya Romo na Kellen Moore. Moore akavunjika mguu mazoezini mwanzoni mwa Agosti. Ukiona leo mtu anajigamba kwamba aliona kipaji cha Dak mapema, mwambie uongozi wa timu wenyewe haukukiona. Mguu mmoja na pingili moja ndivyo vilivyomteua.

Mechi ya kwanza wakafungwa na New York Giants 20 kwa 19. Kisha wakashinda 11 mfululizo. Kijana alirusha pasi 176 tangu siku ya kwanza bila hata moja kunaswa na adui, akavunja rekodi ya Tom Brady ya 162. Na Romo akawa anapona.

Ubishi ukawaka.

Mimi nilitarajia wazee wamtetee Romo, mtu mzima mwenzao kidogo, aliyeumia kazini. Nilikosea hesabu kwa namna ya kufurahisha: wazee karibu wote walimtaka kijana. Waliomlilia Romo ni sisi wafanyakazi, hasa waliokulia hapa, ambao toka wako shule ya msingi jina la kwotabeki ni Romo. Kwao kumtoa ilikuwa kama kuambiwa mjomba wako hakai tena nyumbani kwake. Wazee walikuwa wameshaona wengi wakija na kuondoka. Babu wa supu alinihesabia: Meredith, Morton, Staubach, White, Aikman. Kila mmoja alipoondoka mji ulilia, na Jumapili iliyofuata mji ukarudi uwanjani.

Ndiye aliyenipa kisa cha 1971, ambacho nikakithibitisha nikifika nyumbani. Kocha Tom Landry alikuwa na kwotabeki wawili, Craig Morton na Roger Staubach, na hakuweza kuamua. Tarehe 31 Oktoba, ugenini kwa Chicago Bears, akawabadilisha ndani ya mechi ile ile, kila mpira ulipoanzishwa. Huyu anaingia, anatupa, anatoka. Yule anaingia, anatupa, anatoka. Dallas wakapoteza 23 kwa 19. Babu alikuwa bado anaudhika karibu nusu karne baadaye, mpaka akakohoa. Baada ya hapo Landry akamchagua Staubach, na hawakupoteza tena mechi hata moja msimu ule: 10 mfululizo, ya mwisho ikiwa Super Bowl, fainali ya ligi, 24 kwa 3 dhidi ya Miami.

(Na hapo ndipo maneno ya mkongwe na chipukizi yanapochekesha. Staubach, aliyeonekana ndiye mpya, alikuwa mkubwa kwa Morton kwa mwaka mmoja kamili. Wote wamezaliwa tarehe 5 Februari, Staubach 1942, Morton 1943. Alichelewa kuingia ligi kwa sababu alikuwa jeshini, mwanamaji, hadi Vietnam.)

Kwa babu, funzo la Landry lilikuwa moja: chagua mtu mmoja, halafu unyamaze. Mimi nilikuwa upande wa Romo na nilimwambia wazi. Mzee, nikamwambia, kijana anashinda kwa sababu mbele yake kuna ukuta wa Tyron Smith, Travis Frederick na Zack Martin, na nyuma yake kuna Ezekiel Elliott. Elliott naye alikuwa mgeni wa ligi mwaka ule, akamaliza akiongoza ligi nzima kwa yadi 1,631 za kukimbia. Weka Romo pale, akiwa mzima, uone. Babu akaniangalia kama anavyomwangalia mtu aliyemletea chai ya baridi. Akajibu: akiwa mzima.

Basi. Hoja yangu yote ilikuwa imesimama juu ya maneno mawili hayo, naye aliyaokota akanirudishia. Lakini sikuhama upande, na hadi leo nasema Romo mzima wa 2014 alikuwa anausoma mchezo kuliko Dak wa 2016. Tatizo ni kwamba Romo mzima alikuwa hapatikani, na mashabiki wa mkongwe siku zote tunampigia kura mtu wa miaka miwili iliyopita. Wale wa chipukizi wanampigia kura mtu wa miaka mitano ijayo. Mechi inachezwa Jumapili hii, na hao wawili hawapo.

Tarehe 15 Novemba Romo mwenyewe akaja mbele ya waandishi na karatasi. Hakuchukua maswali. Alisoma kwamba Dak ameipata nafasi hiyo kwa haki, kwamba huu ni mchezo wa anayestahili, na hakuficha kwamba kukaa pembeni kunamuuma na kumetia giza maisha yake. Sauti ilikuwa inamkwama. Tulikuwa tumekusanyika watatu wanne mbele ya runinga ya sebuleni, na mama mmoja wa Bukavu tuliyekuwa naye zamu moja, ambaye mchezo wenyewe hakuwa anaujua, akaniuliza: “Ndugu yangu, sasa huyu kijana, wakati amekaa kwenye benchi, alikuwa anaomba mwenzake aumie?”

Nilimjibu hapana, bila kufikiri. Halafu nikafikiri, kwa siku kadhaa. Sidhani kama Dak aliomba. Lakini kazi ya kwotabeki wa akiba imepangwa hivyo kwamba habari yake njema ni habari mbaya ya mtu mwingine, na wote wawili wanalijua hilo wanapokaa chumba kimoja kutazama mikanda ya wapinzani. Chukua mkufu huu: mwaka 2001 Drew Bledsoe alikuwa kwotabeki wa New England, akagongwa na Mo Lewis akavuja damu kifuani, nafasi ikachukuliwa na kijana aliyeitwa Tom Brady. Bledsoe huyo huyo akazunguka mpaka Dallas, na Oktoba 2006 kocha Bill Parcells akamtoa wakati wa mapumziko akamwingiza Romo. Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya Romo kusoma karatasi. Bledsoe alipokonywa mara mbili, mara moja na jeraha, mara moja na kocha. Ningependa kumuuliza ipi iliuma zaidi.

Mji haukutulia kwa ile karatasi. Tarehe 11 Desemba Giants wakawafunga tena, 10 kwa 7, Dak akacheza vibaya, na kufika asubuhi kila mtu alikuwa anamtaka Romo, hata waliokuwa wamemzika wiki ile ile. Kocha Jason Garrett akabaki na Dak. Mara nyingi nimemlaumu Garrett kwa mengi, lakini hilo namwachia sifa yake. Kumwacha kijana anaposhinda si ujasiri. Kumwacha Jumatatu baada ya 10 kwa 7, wakati aliye benchi ni Tony Romo, huo ni ujasiri.

Siku ya mwaka mpya 2017, Philadelphia, mechi isiyobadilisha kitu kwenye msimamo, Romo akaingizwa. Shambulio moja. Pasi nne, tatu zikafika, yadi 29, ya mwisho ikawa tachidauni kwa Terrance Williams. Akatoka, na hakuingia uwanjani tena maishani kama mchezaji. Aprili akastaafu na kwenda runinga ya CBS kutangaza, ambako akawa anatabiri mchezo kabla haujachezwa mpaka watu wakashangaa. Sisi wa Romo hatukushangaa. Tulikuwa tumesema kwamba anausoma.

Kati ya hapo palikuwa na tarehe 15 Januari, mtoano dhidi ya Green Bay, ambayo watu wa pande zote mbili huitumia kama ushahidi. Dallas walikuwa nyuma 21 kwa 3, kijana akawarudisha hadi sare ya 28, akarusha yadi 302 na tachidauni 3. Green Bay wakaongeza pointi tatu. Zimebaki sekunde chini ya hamsini, Dallas wako ndani ya nusu ya adui, Dak akaupiga mpira chini makusudi ili kusimamisha saa. Akapoteza nafasi moja kati ya nne ambazo timu hupewa za kusogeza mpira mbele. Dan Bailey, mpiga mpira kwa mguu wa Dallas, akapiga golini kutoka yadi 52, sare ya 31, lakini zikabaki sekunde 35, na kwotabeki wa upande wa pili alikuwa Aaron Rodgers. Rodgers akamtafuta Jared Cook ukingoni kabisa mwa uwanja, vidole vya miguu vikiwa ndani ya mstari, halafu mpigaji wao Mason Crosby akapiga kutoka yadi 51 saa ikiisha. 34 kwa 31.

Watu wa Romo wanasema mkongwe asingeupiga mpira chini pale, angeiacha saa ikimbie ili Rodgers asibakiwe na muda. Watu wa Dak wanajibu kwamba amri hutoka kwa kocha, na kwamba aliyewapa Green Bay pointi 34 si kwotabeki. Nadhani wote wana haki, na kwa kuwa mimi ni wa Romo, naongeza kwamba Dak wa leo naye asingeupiga.

Sababu nyingine iliyokuwa inazungumzwa kwa sauti ya chini ni fedha. Mkataba wa Romo wa 2013 ulikuwa wa dola milioni 108 kwa miaka 6. Wa Dak wa kwanza ulikuwa kama milioni 2.7 kwa miaka 4, yote. Ligi ina kikomo cha mishahara, na timu yenye kwotabeki wa bei ya chini ina fedha za kununulia ukuta na wakimbiaji. Kumbe chipukizi anapendwa pia kwa kuwa ni rahisi, na akishakuwa mzuri anaacha kuwa rahisi. Septemba 2024 Dak akatia saini milioni 240 kwa miaka 4, milioni 60 kwa mwaka, na hadi siku ile hakuna mchezaji aliyekuwa na mkataba wa kiasi hicho kwa mwaka kwenye ligi ile.

Mwezi Novemba mwaka huo huo, Atlanta, msuli wa nyuma ya paja ukachanika kwenye mfupa na msimu wake ukaisha. Akaingia Cooper Rush, mtu wa umri wake, ambaye naye hakuchaguliwa kwenye drafti. Nyuma ya Rush alikuwepo Trey Lance, mdogo kwao wote, aliyewahi kuwa wa tatu kwenye drafti nzima ya 2021. Dak hajafanyiwa hata upasuaji, sebuleni watu walikuwa wameshagawana: hawa wa Rush, wale wa Lance.